Ramón y Cajal: Mchoraji aliyeufunga mlango wa ubongo

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, aina ya kifafa iliyowasumbua watoto wa Mundri na Maridi, magharibi mwa Juba nchini Sudan Kusini, swali ni zito: je, ubongo ulioumia waweza kuzaa seli mpya? Kwa miongo mingi wataalamu walijibu hapana, na aliyelipa jibu hilo nguvu kuliko wote ni Mhispania Santiago Ramón y Cajal.

Alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Alitamani uchoraji, lakini baba yake, tabibu Justo Ramón, hakutaka hata kuusikia. Kijana huyo mtundu alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, hadi baba alipomvuta kwenye utabibu kwa kumpa mifupa ya binadamu aichore. Alihitimu Zaragoza mwaka 1873, akatumwa Cuba kuwa daktari wa jeshi, akarejea mwaka 1875 amedhoofishwa na malaria.

Mwaka 1887 alioneshwa mjini Madrid mbinu ya Muitaliano Camillo Golgi ya kuzitia seli za neva rangi nyeusi kwa chumvi ya fedha. Mwaka uliofuata, akiwa Barcelona, alichapisha katika jarida aliloligharimia mwenyewe ushahidi kwamba ubongo si wavu mmoja ulioungana, bali ni seli nyingi zinazokaribiana, kila moja ikijitegemea. Golgi aliamini kinyume chake. Walipogawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906, Golgi aliitumia hotuba yake kuipinga nadharia ya mwenzake.

Cajal ndiye pia aliyeona, mwaka 1890, katika kiinitete cha kuku, ncha ya uzi wa neva unaokua ikipapasa njia kama kipofu mwenye fimbo. Hata hivyo, katika kitabu chake cha 1913 na 1914 alihitimisha kwamba kwa mtu mzima njia hizo zimefungwa: seli hufa, wala hazizaliwi nyingine. Aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuitengua hukumu hiyo, jambo ambalo wafuasi wake walilisahau upesi.

Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Mwaka 1962, nchini Marekani, Joseph Altman alitoa dalili za seli mpya za neva katika ubongo wa panya wazima, akapuuzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1998 ushahidi ulipatikana kwa binadamu, katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu.

Seli changa haipokelewi mara moja. Katika panya, hutoa nyuzi zake, hupokea ishara za majirani, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuingia kikamilifu katika mzunguko uliokwishajengwa. Nyingi hufa kabla ya hapo. Tiba ya kifafa haijapatikana kwa njia hiyo, na hata uwepo wa seli hizo kwa watu wazima umebishaniwa: mwaka 2018 watafiti wa California walisema hawakuziona. Mwaka 2019 wenzao wakaripoti maelfu yake, hata kwa wazee waliopita miaka 80. Utafiti huo ulifanyika Madrid.