Rappan na komeo la Uswisi
Karl Rappan alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1905, lakini jina alilipatia Uswisi. Wachezaji wake wengi walikuwa wa ridhaa. Wakikabana na vigogo mtu kwa mtu, wanaumia. Kocha akamrudisha beki mmoja nyuma ya wenzake azibe mianya. Mfumo ukaitwa komeo.

Kombe la Dunia 1938, baada ya sare ya 1-1, Ujerumani ikatangulia 2-0 kwenye mechi ya marudiano Paris. Uswisi ikapindua meza, 4-2!

Mwaka 1954, robo fainali Lausanne, Uswisi ikaongoza 3-0. Komeo likang'oka, ikalala 7-5. Mbabe wake? Austria, kwao Rappan.

Akarudi na Uswisi Kombe la Dunia 1962, Chile. Alifariki 1996.