Sinan Hakuibomoa Ayasofya

Msikiti wetu wa mtaani una kuta za mawe ya matumbawe na dari ya boriti. Hauna kuba. Sasa kamati yataka uvunjwe, tujengewe wa Kituruki wenye kuba kubwa na minara myembamba. Picha ishabandikwa mlangoni. Basi, ndugu zangu, kwa kuwa Waturuki ndio mfano wetu, tumtazame fundi wao mkuu.

Sinan alizaliwa karibu na Kayseri, Anatolia, mwishoni mwa karne ya 15, kwa wazazi Wakristo. Dola ya Uthmaniya ilikuwa ikiwachukua vijana kama yeye, wakasilimu na kuingizwa jeshini. Huko vitani ndiko alikojifunza ujenzi. Mwaka 1538 alilijengea jeshi daraja juu ya mto Prut, na mwaka uliofuata Sultani Suleiman akamfanya mkuu wa mafundi. Alitumikia masultani watatu, karibu miaka 50, hadi alipofariki 1588. Alijenga misikiti, madrasa, hamamu, hospitali na mifereji ya maji.

Istanbul alikuwa akiiona kila siku Ayasofya, kanisa la mwaka 537 lililogeuzwa msikiti 1453. Kuba yake ilimshughulisha maisha yake yote. Aliisoma, lakini hakuinakili. Suleymaniye aliimaliza 1557. Kisha kule Edirne, naye ni mzee, akajenga Selimiye (1568 hadi 1575), kuba ya upana wa mita 31 hivi juu ya nguzo nane, ukumbi ukabaki wazi.

Na katika miaka hiyo hiyo ya 1570 kuta za Ayasofya zilikuwa zikielemewa. Sinan, ambaye angeweza kujenga chochote, alizitilia mihimili ya mawe nje zisianguke. Ayasofya ingali imesimama.

Kuba zake aliziezeka kwa risasi. Hapa kwetu fundi alifuata urefu wa boriti, ndio maana vyumba ni vyembamba na nguzo ni nyingi. Msikiti wa Mandhry, Mombasa, unaosemekana ulijengwa 1570, Sinan akiwa hai, una mnara wake mnene uliochongoka juu. Haufanani na wa mtu mwingine.

Kamati inakutana Ijumaa baada ya swala. Nitakwenda, inshallah, na swali langu ni moja: ni fundi gani aliyezipima kuta zetu kabla ya kusema zimechoka?