Krapf, Kivoi na Mlima Uliokataliwa London

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Baada ya kuhudumu Ethiopia, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa mmisionari. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata. Hata hivyo, Krapf hakurejea kwao. Alijifunza Kiswahili, na mwaka 1846 akaanzisha kituo Rabai pamoja na Johannes Rebmann.

Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Krapf naye alishika njia ya bara. Aliipitia Kikumbulyu, upande wa Kibwezi, kusini mwa Kiboko ya leo, hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Kivoi ndiye aliyemweleza kuhusu mlima mwingine mweupe. Mawingu ya msimu wa mvua yaliuficha, lakini tarehe 3 Disemba 1849 yalifunguka, na Krapf akaviona vilele viwili vyeupe.

Habari hizo zilizua mabishano Ulaya. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji ya wamisionari hao ilikuwa njozi tupu. Krapf hakuwa na vipimo vya kumjibu. Alikuwa na macho yake na neno la mwenyeji wake.

Mwaka 1851 hata mwenyeji huyo alimpoteza. Walishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga nyikani kwa njaa na kiu, na jamaa za marehemu wakamlaumu kwa kunusurika.

Krapf alifariki Novemba 1881 huko Korntal. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima, na mwaka 1887 Teleki akapanda miteremko yake. Ukweli ulithibitika, ila mwenyewe alikuwa kaburini.

Je, Krapf aligundua nini? Wakamba waliujua mlima huo kabla yake. Alichofanya ni kuwaamini, kutazama, na kuliandika jina kwa matamshi yao. Jina hilo, Kenya, ndilo lililokuja kuwa la nchi nzima. Anayemtaja Krapf bila Kivoi ameisimulia nusu tu ya habari.