Mchungaji Johannes Rebmann: Mtumishi Aliyeitwa Kubaki

Historia ya Injili katika nchi ya Kilimanjaro haiwezi kuelezwa bila kumtaja Mchungaji Johannes Rebmann. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji wa Gerlingen, Württemberg, nchini Ujerumani, akalelewa katika nyumba ya wacha Mungu. Baada ya masomo ya umisionari huko Basel alitumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, akafika Mombasa mwaka 1846. Yeye na Dkt. Ludwig Krapf walianza kazi Rabai, katikati ya Wamijikenda.

Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwenda Uchaggani, mwavuli mkononi, akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita baridi tu, bali yeye aliitambua theluji. Wataalamu kadhaa wa Ulaya walikataa kumsadiki, naye aliendelea na kazi yake bila kuacha wito wake kwa ajili ya mabishano hayo.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja Aprili 1849. Alisafiri tena akiwa na wapagazi 30, akikusudia kupita Uchaggani hadi Unyamwezi. Huko Machame, Mangi Mamkinga, aliyempokea vema safari iliyotangulia, alimtoza bidhaa zake hata akiba ya safari ikamalizika. Rebmann alirudi pwani mgonjwa na mwenye huzuni. Nia yake ilikuwa njema, na sala hazikukosekana, lakini mlango ulifungwa.

Tangu hapo wamisionari hawa wawili waliielewa kazi yao kwa namna tofauti. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misioni kutoka pwani hata upande wa pili wa Afrika. Rebmann aliona kwamba kabla ya kwenda mbali lazima Neno lishike mizizi hapo walipo. Afya ya Krapf ilimlazimu kuondoka mwaka 1853, Rebmann alibaki. Mwaka 1857 wapelelezi Burton na Speke walipomfikia wakitaka aandamane nao barani, safari ambayo ingempatia sifa nyingi, hakwenda.

Kubaki huko hakukuwa na utukufu wa kuonekana. Kila siku ilikuwa na uamuzi wake mdogo: kuandika maneno mapya ya Kinyika, kuketi na mtumwa mmoja kutoka nchi ya ziwa Nyasa ili kujifunza lugha yake, kumfundisha mtu mmoja mmoja. Waongofu walikuwa wachache sana. Mtoto wake wa pekee alifariki akiwa mchanga, na mwaka 1866 mkewe, Emma, akafariki pia. Macho yake yalififia hata akawa kipofu. Wapo waliomhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Lakini wito ambao Mungu hajauondoa, mtumishi hauachi kwa sababu matunda yamechelewa.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29, aliona saa yake ya kuondoka imefika. Aliongozwa safarini na Isaac Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai, tunda la kazi ile ile iliyodharauliwa. Huko Korntal alipokelewa karibu na Krapf, na wazee hao wawili, ambao Mungu aliwaongoza kwa njia mbili, wakawa majirani tena. Rebmann alilala katika Bwana tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi yake ya Kinyassa ilitolewa mwaka uliofuata.

Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame, mahali pale pale alipozuiliwa miaka 44 kabla. Mlango uliofungwa mbele yake haukuwa umefungwa milele. Yeye alipewa nuru ya hatua iliyofuata tu, akaifuata kwa uaminifu. Mengine alimwachia Bwana wa mavuno.