Bibi Annie Hore, Mama wa Njia ya Misafara

Tunapokumbuka njia ya kale ya misafara iliyopita hapa Tabora, mara nyingi tunawataja wanaume: wafanya biashara wa pwani, wapagazi wa Kinyamwezi, watemi na wahubiri. Safari hii tunapenda kumkumbuka mwanamke mmoja aliyeipita njia hiyo akiwa amempakata mwanawe. Hakuwa wa Kanisa letu la Anglikana, kwa maana yeye na mumewe walitumwa na Chama cha Misioni cha London. Hata hivyo maisha yake yanamhusu kila mzazi wa mtaa wetu.

Jina lake lilikuwa Annie Boyle, Mwingereza. Mwaka 1881 aliolewa na Edward Coode Hore. Bwana Hore alikuwa baharia kwa kazi yake, na alikuwa ameingia Ujiji mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa kwanza wa chama chake. Bibi Annie alijua vizuri anakokwenda. Katika wenzake mumewe, Bwana Thomson alifariki Ujiji mwaka ule ule wa 1878. Bwana Dodgshun alifuata mwaka 1879, na mwaka huo huo Dk. Mullens, aliyekuwa katibu wa chama wa mambo ya nje huko London, alikufa njiani karibu na Mpwapwa. Mwaka 1882 Dk. Southon, tabibu wa Urambo, alifariki baada ya kuumizwa kwa risasi kwa bahati mbaya.

Mwaka huo wa 1882 Bibi Hore alifika pwani yetu na mtoto mchanga, jina lake Jack. Safari yao ya kwanza kwenda bara haikufaulu. Ilimpasa kurudi nyuma, na baadaye yeye na mtoto walirejea Uingereza. Mumewe aliendelea na kazi yake ya kufikisha ziwani mashua ya chuma, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Saadani hadi Ujiji.

Wengi wangesema basi, yatosha. Yeye hakusema hivyo. Mwaka 1884 alirudi tena na Jack. Kwa kuwa hakuweza kutembea maili mamia kwa mguu akiwa na mtoto, alitafutiwa kiti cha magurudumu, kama vile vilivyotumika Ulaya kuvutia wagonjwa. Njia zetu hazikufaa magurudumu, hivyo kiti kilitundikwa kwenye mti, na wapagazi wakakibeba mabegani kwa zamu. Walivuka mito, wakapita Ugogo penye shida ya maji, wakapita misitu mpaka Unyamwezi. Katika vijiji watu walikusanyika kumwona mama mzungu na mtoto wake. Walikuwa wamezoea kuona wazungu wanaume wenye bunduki na mizigo, lakini mtoto mdogo aliyepakatwa na mama yake ni jambo ambalo kila mtu alilielewa bila mkalimani.

Walipita Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, ambaye alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Tarehe 7 Januari 1885 waliingia Ujiji, siku 90 baada ya kuondoka pwani. Bibi Hore anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Ulaya kufika Ziwa Tanganyika. Habari za safari hiyo aliziandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1886.

Tusiwasahau wale waliombeba. Ni mabega yao yaliyomfikisha. Mpagazi wa siku zile alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi, na wengi walizikwa kando ya njia bila alama yo yote. Mama huyu alipata sifa kwa ujasiri wake, na alistahili. Lakini sifa hiyo ni haki yao pia, na baadhi yao yamkini walikuwa babu zetu.

Kutoka Ujiji, familia ilikwenda kukaa katika kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa, ambao leo ni Kongo. Huko Bibi Hore alitunza nyumba na kumlea Jack, na pia aliwafundisha wasichana wa kisiwa. Mwaka 1885 meli ya misioni iitwayo Habari Njema ilishushwa majini. Kazi ya meli ilisifiwa sana Ulaya, na kazi ya mama yule pale barazani haikuonekana sana. Twajua wenyewe kwamba ndivyo ilivyo mara nyingi hata katika nyumba za wachungaji wetu.

Mwaka 1888 walirudi Uingereza. Mwaka 1889 Jack alifariki, na mahali alipofia palikuwa London. Mtoto aliyeponea homa za pwani, kiu ya Ugogo na mawimbi ya ziwa alichukuliwa katika mji ule ule ambao watu waliudhani ni salama kwake. Hatuwezi kupima huzuni ya mama yule. Hatuwezi pia kusema kwamba alikosa kumleta Afrika, wala kwamba angekuwa salama kama angebaki kwao.

Baadaye wazazi hawa walihamia Tasmania, kusini mwa Australia, na huko Bwana Hore alifariki mwaka 1912, akimwacha Bibi Annie mjane. Urambo nako, Chama cha London kiliwaachia Wamoravian kazi yake mwaka 1898, nao wakaiendeleza.

Ndugu zetu, tunapopita barabara ya kwenda Urambo au Kigoma kwa gari au kwa treni, tumkumbuke mama huyu na mtoto wake, na wale wanaume waliowabeba. Na jioni tukifika nyumbani, tuwapakate watoto wetu na kumshukuru Mungu kwa siku hiyo moja aliyotupa pamoja nao.