Selim Bey, Afisa wa Ikwetoria

Sisi tukaao Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Nili, tumezungukwa na mahali palipotajwa katika tarikhi: Gondokoro kaskazini, na Rejaf kusini. Katika jimbo hili la Ikwetoria alitumika Selim Bey, afisa wa Kisudani wa jeshi la Khedivi wa Misri, chini ya gavana Emin Pasha. Jina lake halitajwi sana hapa petu, nasi tumeona vema kulitaja.

Oktoba 1888 jeshi la Mahdi liliteka Rejaf. Mwezi uliofuata likaishambulia Dufile, na Selim alikuwa miongoni mwa viongozi walioizuia. Stanley alipokuja kumchukua Emin, Selim aliomba wangojwe mpaka akusanye askari na jamaa zao. Hawakungojwa. Msafara uliondoka Aprili 1889, nao wakabaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert.

Hapo yafaa tusimame kidogo. Mishahara haikuja, wala nguo. Watu hawa walilima pamba, wakafuma, wakajivika wenyewe. Makarani wakaendelea kuandika, na cheo kikaheshimiwa kama zamani. Kapteni Lugard alipowafikia Septemba 1891 akiwataka wawe askari wa kampuni ya Kiingereza, Selim alikataa kuhama bendera pasipo idhini ya Khedivi. Mapatano yakaandikwa kwa sharti hilo, na watu zaidi ya 8,000, wengi wao wanawake, watoto na watumishi, wakasafiri kwenda kusini.

Kwa upande wa mavazi hapakuwa na ugomvi. Kofia ya askari wa Misri ilikuwa tarbushi isiyo na ukingo, nayo humwezesha mtu kusujudu bila kuivua. Baadaye hata jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilivaa tarbushi, na wasio Waislamu wakaivaa pia.

Ugumu ulikuja kwa amri. Mwaka 1893 Waislamu wa Buganda waligombana na serikali ya Kabaka Mwanga. Selim, aliyekuwa Entebbe, alimpelekea habari Kapteni Macdonald, kaimu wa mamlaka ya Kiingereza, kumtaka asiwapige vita. Je, askari aliyevaa nguo ya serikali aweza kusema hivyo? Macdonald aliona ni uasi. Sisi twaona alisema kabla ya damu kumwagika, wala hatujui kwamba aliwahi kuelekeza bunduki kwa wakubwa wake. Lugard naye alimtetea kwa maandishi, akasikitika kwamba mzee mgonjwa alifanyiwa hivyo.

Selim alihukumiwa kupelekwa pwani. Hakufika, alifariki njiani, Naivasha, mwaka huohuo. Mola amrehemu.

Wazao wa askari wale ndio Wanubi wa Uganda na wa Kibera, Nairobi. Lugha yao, Kinubi, ilitoka katika kambi za Ikwetoria, na mtu wa Gumbo asemaye Kiarabu cha Juba akiisikia, huelewa maneno mengi.