Mwalimu, Wabenzi na safari ya miguu hadi Mwanza

MAGARI ya Mercedes-Benz, yaliyopata jina hilo mwaka 1926 kampuni za Daimler na Benz zilipoungana huko Ujerumani, yalifika Afrika Mashariki na sifa ya uimara. Baada ya uhuru yalipata sifa nyingine: wananchi waliwaita wakubwa walioyapanda Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakulipenda kabila hilo. Oktoba 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Oktoba mwaka huohuo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU.

Hakuwa mtawa, la hasha. Rolls-Royce ya magavana wa Kiingereza ilimbeba naye pia, na imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mwaka 1991 CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti yale ya uongozi. Mwalimu alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.